Daraja la Salenda na Alama za Jiji Letu: Tulipita Kila Siku, Hatukuuliza

  Kamati ya jarida ilinitaka niandike mambo ya afya kama mwaka jana, nilipowachosha na habari za chumvi na shinikizo la damu. Safari hii nimeomba ruhusa niandike habari za daraja. Mtanisamehe, mimi ni muuguzi, si mwanahistoria, lakini nitawaeleza kilichonisukuma.

Hapa Newcastle tunaishi karibu na Daraja la Tyne, lile la upinde mkubwa wa chuma lililofunguliwa mwaka 1928. Mwanangu mwenye miaka 12 alirudi nyumbani na kazi ya shule: andika juu ya daraja maarufu katika mji wa asili ya familia yako. Wenzake walikuwa na Tyne tu, vitabu viko maktaba, picha ziko kila mahali. Yeye akaniuliza, "Mama, kwenu Dar kuna daraja?" Nikajibu kwa kujiamini, "Lipo, Salenda!" Akaniuliza tena, "Nani alilijenga? Na Salenda maana yake nini?"

Nikanyamaza. Nimepita juu ya daraja lile mara zisizohesabika, nimekaa kwenye foleni yake mpaka nikasinzia, nimelala na kuamka na jina lake mdomoni. Sikuwa na jibu. Usiku ule nilipotoka zamu nilianza kusoma, na nikaendelea kwa miezi kadhaa. Haya ndiyo niliyoyapata, nikichanganya na yale niliyoyasikia kwa wazee wangu.

MJI KABLA YA DARAJA

Watoto wetu wengi wanaambiwa Dar es Salaam ilijengwa na Wajerumani. Si kweli. Kabla ya Wajerumani kulikuwa na kijiji cha Mzizima, cha wavuvi na wakulima, na kwenye miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliamua kujenga hapo mji wake mpya wa bara, akauita Dar es Salaam, mahali pa amani. Alifariki mwaka 1870 mji ukiwa bado haujakomaa, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuushughulikia sana. Hata hivyo jengo la Boma la Kale, lile la matumbawe na milango mizito karibu na bandari, ni la enzi hiyo ya Majid na bado limesimama. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo.

Sasa tazameni ramani. Kaskazini ya mji kuna mto Msimbazi, unaoteremka kutoka milima ya Pugu, unapita Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye hori lenye mikoko. Upande huu wa hori ni Upanga na mjini. Upande wa pili ni Msasani, kijiji cha kale cha wavuvi chenye makaburi ya zamani za waungwana wa pwani. Mjini na Msasani wanaonana kwa macho, lakini mto uko katikati.

SELANDER ALIKUWA NANI?

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa na mkurugenzi wa kazi za umma, wa kwanza katika serikali yao, aliyeitwa John Einar Selander. Ndiye aliyesimamia barabara, majengo na madaraja. Daraja juu ya hori la Msimbazi lilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, takriban miaka ile ile ya Daraja la Tyne, lilipewa jina lake. Watu wa Dar wakalitafuna jina hilo mpaka likawa letu: Salenda. Ukimwambia kondakta "nishushe Selander" kwa matamshi ya kizungu, atakuangalia usoni kwanza.

Lakini swali la nani alilijenga lina ndugu yake, nalo ni kubwa zaidi: lilijengwa kwa ajili ya nani?

Mji wa ukoloni ulikuwa umegawanywa. Uzunguni palikuwa na nyumba za bustani na upepo wa bahari. Uhindini palikuwa na maduka na maghorofa. Uswahilini, yaani Kariakoo na baadaye Ilala, palikuwa petu. Sheria ya ujenzi haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya nyumba iliyoruhusiwa kila eneo, lakini matokeo yalikuwa yale yale. Katikati ya Uhindini na Uswahilini paliachwa uwanja mpana usiojengwa, ambao leo tunauita Mnazi Mmoja. Daraja lilipokamilika, Wazungu walipata njia ya kutanua mtaa wao kwenda ng'ambo, kwenye ufuko mzuri wa Oyster Bay. Kwa hiyo Salenda halikuwa daraja la wote tangu mwanzo. Lilikuwa daraja la kumfikisha bwana nyumbani kwake, na mtumishi kazini kwake.

WATU WAWILI, DARAJA MOJA

Miaka michache iliyopita nilimhudumia mgonjwa mmoja, mzee wa Kiingereza aliyepita miaka 80. Siri ya mgonjwa ni amana, kwa hiyo sitasema ni wodi gani wala hospitali ipi, na mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike. Usiku alikuwa hapati usingizi. Aliponiuliza nimetoka wapi nikamwambia Dar es Salaam, alikaa kitako kitandani kama mtu aliyeitwa jina lake.

Alikulia Oyster Bay miaka ya 1950. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali. Alinieleza jinsi yeye na kaka yake walivyokuwa wakivua samaki karibu na Salenda, jinsi maji yanavyopwa na matope kunuka, jinsi popo wanavyoruka jioni juu ya mikoko. Alijua maneno machache ya Kiswahili: maji moto, haraka, pole pole, kesho. Kisha akanieleza habari za mpishi wao, aliyekuwa akiwafichia mkate wa mayai mama yao asione. "Alinilea yule mtu," alisema. Nikamuuliza aliitwa nani. Akafikiri kwa muda mrefu. Akasema, "Tulimwita boi tu. Sasa hivi nimegundua kwamba sijui jina lake."

Ndugu zangu, mimi babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi Oyster Bay miaka hiyo hiyo. Mzaramo wa Kisarawe, alipanga chumba Kariakoo, na kila alfajiri alivuka Salenda kwa baiskeli ya mkono wa pili, kilemba cha kanzu ya kazi amekifunga ndani ya kikapu kisilowe. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba babu alitembea na barua ya bwana wake mfukoni, ili akikutwa na askari usiku akirudi aonyeshe kwamba ametoka kazini. Siku moja barua ililowa mvua pale darajani, wino ukafutika, na babu akakesha chini ya mwembe ng'ambo ya pili mpaka kukapambazuka, kwa kuogopa kuvuka na karatasi tupu. Bibi alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kama kichekesho. Sisi watoto tulicheka sana. Niliacha kucheka nilipokuwa mtu mzima.

Sisemi kwamba yule mpishi alikuwa babu yangu. Wapishi walikuwa wengi. Wala sikumwambia mgonjwa wangu habari hiyo usiku ule. Mtu ana maumivu, umri umekwenda, na kazi yangu ni kumpunguzia mzigo. Niliazimia nimwambie zamu inayofuata, kwa upole, na nimtajie jina la babu ili awe na jina moja walau la mpishi wa Oyster Bay. Niliporudi kazini kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine; yeye alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Nimebaki na maneno yangu.

Ndiyo maana nikimwambia mwanangu historia ya daraja siwezi kumwambia jina la Selander peke yake. Jina la Selander limeandikwa. Majina ya waliobeba zege na mawe hayakuandikwa, wala ya waliolivuka kwa baiskeli alfajiri.

HOSPITALI YA UFUKWENI

Mimi mwenyewe Salenda nimelijua kwa sababu nyingine. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, shangazi yangu aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa akitibiwa kwa mionzi Ocean Road, siku tano kwa wiki, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza kutoka Kinondoni. Tulipanda daladala ya Mwenge kwenda Posta. Kila tulipofika darajani shangazi alitoa uso dirishani apate upepo wa bahari, kwa sababu harufu ya dizeli ilimtia kichefuchefu. Alikuwa akisema, "Tukishavuka hapa, nusu ya safari imekwisha." Ninapokwenda zamu ya usiku nikiwa nimechoka, bado najiambia maneno hayo nikiwa juu ya Tyne.

Posta tulishuka, tukatembea taratibu kupita bustani ya miti iliyopandwa na Wajerumani, mpaka kwenye jengo jeupe la kuba zinazotazama bahari. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1897. Daktari Robert Koch, yule bingwa wa kifua kikuu, alifanya kazi Dar es Salaam miaka hiyo akichunguza malaria. Kila muuguzi duniani anafundishwa jina lake, lakini mimi nililisikia darasani Uingereza bila mtu yeyote kunitajia kwamba alifanyia utafiti kwetu.

Hospitali ile ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walitibiwa penginepo, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara tajiri wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi aliyefariki mwaka 1897. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, na baada ya Uhuru ndiyo ikawa Muhimbili. Wazee wetu hawakumtupa Sewa Haji. Mpaka leo Muhimbili kuna jengo la wagonjwa linaloitwa Sewahaji, na liko jingine linaloitwa Kibasila, jina la jumbe wa Kizaramo aliyewapinga Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Tunasema "amelazwa Kibasila" bila kuuliza. Hospitali nayo ni kitabu cha historia, ila wasomaji wake wamelala.

Ocean Road iligeuzwa kuwa taasisi ya saratani, na tangu mwaka 1996 inajitegemea. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo la wagonjwa wa saratani wa nchi nzima. Shangazi yangu, binti wa mpishi wa Oyster Bay, alilala katika jengo ambalo baba yake asingeruhusiwa kulazwa humo. Nilikuja kuyajua haya miaka mingi baadaye, naye ameshatangulia mbele ya haki. Siku zile tuliona jengo kuukuu tu, na foleni, na wauguzi waliochoka ambao hata hivyo walimwita "mama" na kumshika mkono. Nilipowaona wale ndipo nilipoamua kazi ya maisha yangu. Shahada niliipata huku ugenini, lakini uuguzi nilianza kujifunza pale, kwenye benchi la mbao, nikiwa na chupa ya uji mapajani.

ASKARI ASIYE NA JINA

Ukitoka Ocean Road na kurudi katikati ya mji utakuta Sanamu ya Askari, pale Barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe. Askari wa shaba ameinama mbele na bunduki yenye singe, ameelekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kufa katika Vita Kuu ya Kwanza; Nairobi na Mombasa nako kuna kumbukumbu za aina hiyo. Mchongaji alikuwa Mwingereza, James Alexander Stevenson, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili.

Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wameweka mjini sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Juu amesimama Mzungu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza waliiondoa, ikapelekwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Babu aliiita ile ya Askari "Bismini", kama wazee wengi wa mji. Nikilitamka polepole sikio langu husikia humo jina la Wissmann, kana kwamba mzimu wa sanamu ya kwanza ulibaki katika jina la ya pili.

Watoto, tazameni tofauti. Katika sanamu ya kwanza Mwafrika yuko miguuni pa mtu. Katika ya pili amesimama peke yake, lakini hana jina. Na waliokufa wengi zaidi hata hawakushika bunduki. Walikuwa wapagazi, waliobeba risasi na vyakula vichwani maelfu ya maili, wakafa kwa njaa, kuhara na malaria kwa maelfu. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao Dar es Salaam iliacha jina kwenye mtaa. Jina hilo ni Kariakoo. Kila mara mnaposikia "Kariakoo", sokoni au kwenye mpira wa Simba na Yanga, mnawataja wale wapagazi bila kujua.

UHURU WENYEWE

Tanganyika ilipata uhuru usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Prince Philip alikuja kwa niaba ya Malkia, bendera ya Uingereza ikashushwa na yetu kupandishwa, na Luteni Alexander Nyirenda akawasha Mwenge juu ya Kilimanjaro. Siku iliyofuata, 10 Desemba, Dar es Salaam ikapewa hadhi ya jiji, na ule Mnara wa Saa ambao kila daladala inauzunguka ulijengwa kwa kumbukumbu hiyo. Mwaka mmoja baadaye, 9 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere aliapishwa kuwa Rais katika Ukumbi wa Karimjee, hatua chache kutoka njia niliyokuwa nikipita na shangazi.

Na ule uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi ili watu wasikaribiane? Watu wakajaa humo. Mnazi Mmoja na Jangwani ndiko ilikofanyika mikutano ya TANU, chama kilichozaliwa 7 Julai 1954 jirani tu na hapo, katika mtaa ambao sasa ni Lumumba. Leo Mnazi Mmoja umesimama mnara wa Mwenge wa Uhuru. Palipotengwa kutugawa ndipo tulipokutana.

Majina ya barabara nayo yakabadilika. Iliyoitwa Acacia ikawa Independence, kisha ikawa Samora. Njia inayopita Salenda imepewa jina la Rais Ali Hassan Mwinyi. Ocean Road ikapewa jina la Barack Obama alipotutembelea mwaka 2013. Salenda lenyewe halikuguswa. Nimejiuliza kwa nini, na nadhani jibu ni rahisi: lilikuwa limeshabadilishwa na midomo ya watu. Babu hakuwa akivuka jina la mkurugenzi, alikuwa akivuka Salenda.

MTO HAUSAHAU

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Japani, daraja lilijengwa upya na kupanuliwa. Lakini mji ulikua haraka kuliko zege. Sensa ya 1957 ilihesabu Dar es Salaam watu wasiofika 130,000. Sensa ya 2022 imehesabu mkoa mzima watu zaidi ya milioni 5.3. Wengi wao wametafuta mahali pa kuweka kichwa, na mahali palipobaki wazi karibu na mji ni bonde la Msimbazi.

Desemba 2011 tulifanya sherehe kubwa ya miaka 50 ya Uhuru. Siku chache baadaye, kuanzia tarehe 20, mvua ikanyesha Dar ambayo mji haukuwa umeipata tangu mwaka 1954. Msimbazi ukafurika. Watu wapatao 40 walipoteza maisha na maelfu wakakosa makazi. Wengi wenu mtakumbuka simu za usiku ule. Mimi nilikuwa zamu, simu iko kabatini, na nilipoifungua asubuhi nilikuta wito 11 kutoka kwa binamu yangu wa Jangwani. Alikuwa juu ya paa na wanawe wawili. Waliokolewa, Mungu alisaidia, na baadaye wakahamishiwa Mabwepande kama wengine wengi.

Nayataja haya katika sherehe kwa sababu tukilisimulia daraja tusiusahau mto. Maji yanayopita chini ya Salenda yanatoka mlangoni kwa mtu. Takataka zinazoonekana kwenye mikoko maji yakipwa zilianza mtaani kwa mtu. Kipindupindu nacho kinapita njia hiyo hiyo, na hapo ndipo muuguzi ndani yangu anakataa kunyamaza. Sisi tunaotuma fedha za kujenga nyumbani, kabla ya kununua kiwanja cha bei nafuu tuulize kwanza maji hupita wapi mwezi wa nne.

MADARAJA MAPYA

Kwa miaka mingi aliyetaka kwenda Kigamboni alisubiri pantoni, na anayekwenda Msasani alisubiri foleni ya Salenda. Mwaka 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere kule Kurasini, lenye urefu wa mita 680, likashikwa na nyaya zake nzuri juu ya maji. Mwaka 2022 likaanza kutumika Daraja la Tanzanite, lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini na mkandarasi kutoka huko. Lina urefu wa kilomita 1.03, linatoka upande wa hospitali ya Aga Khan, linapita juu ya bahari na kutua karibu na Coco Beach. Limepewa jina la jiwe linalochimbwa Mererani peke yake duniani. Hakuna jina la mtu humo.

Nilipokwenda kumzika mama yangu, dereva alinipitisha Tanzanite usiku. Taa zinang'aa, bahari kushoto na kulia, gari linateleza. Dakika chache tukawa ng'ambo. Dereva kijana alifurahi, akasema, "Dada, umeona? Siku hizi Salenda tunaisahau." Nilimpongeza kwa moyo, maana nchi yangu inapojenga nami najiona mrefu. Lakini nilimwomba wakati wa kurudi anipitishe Salenda. Alishangaa, kwa sababu kulikuwa na foleni. Tukakaa katika foleni. Nikafungua kioo, nikatoa uso, nikapigwa na upepo na ile harufu ya matope. Hapo ndipo nilipomlilia mama yangu vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nitue uwanja wa ndege.

KAZI KWA WATOTO WETU

Mwanangu aliandika kazi yake ya shule. Aliweka jina la Selander, kwa haki. Chini yake akaandika jina la babu yangu na sentensi moja: alilivuka kwa miaka 14 akienda kuwapikia watu wengine. Mwalimu akamwomba aisome mbele ya darasa.

Kwa hiyo ombi langu kwa watoto wa jumuiya hii, mkienda likizo Dar msiishie Mlimani City na Coco Beach. Chukueni asubuhi moja, mapema kabla ya jua kali, pamoja na mzee anayeujua mji. Anzeni Salenda, mteremke ufukweni mpaka Ocean Road, mpite Karimjee, mwende mumsalimie Askari, mzunguke Mnara wa Saa, mmalizie Mnazi Mmoja mkinywa maji ya dafu. Kila mahali muulize maswali mawili: nani aliyejenga, na ilijengwa kwa ajili ya nani?

Na sisi wazazi, wazee wetu wa nyumbani wanazidi kupungua. Wikiendi hii mkipiga simu, baada ya kuuliza afya na hela ya dawa, waulizeni pia walivuka wapi, na mfukoni walikuwa na nini. Mwandike majina. Mimi nilichelewa kwa mgonjwa mmoja kwa zamu moja tu.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru, ndugu zangu.